Kuni ya Gaspard

Bunia, Quartier Bigo, tarehe 11 février 2024

Kwako mudogo wangu Gaspard,

Yesu asifiwe. Miye yaya yako Adèle, dada yako mukubwa, niko, nakula, nalala, nacheka. Mama ku Mahagi iko pia, magoti tu ndiyo inamusumbua, na kila mara anauliza: "Gaspard iko wapi? Alisahau njia?" Nilimuambia PDG, mukubwa wa shimo yenu ya dhahabu, alikamata telefone yenu yote. Ndiyo maana nakuandikia na bic kama zamani. Usicheke maandiko yangu, nilifika quatrième primaire tu, darasa ya ine. Fiacre wa camion ndiye atakuletea.

Habari ya quartier: Annette ameozesha binti yake kwa ile bwana wa Ariwara mwenye meno ya dhahabu. Batu banasema ile meno ni ya kuazima. Miye sikusema kitu. Nilisema kidogo tu.

Sasa sikia. Unakumbuka kale kapele kalitoka ku kidole yangu mbele ya Noël? Hakakupona. Kalizaa. Ingine ikatoka ku kiganja, ingine juu yake, ingine tena, inapanda murongo moja mpaka karibu na kiwiko, kama shanga ya rozari chini ya ngozi. Nilipaka majivu, nikapaka dawa ya meno, Mama Suzanne akanipa mafuta ya ng'ombe. Bure.

Nikaenda ku hôpital. Kule kuko Docteur Médard, mutu mwembamba kama mukia ya samaki, anafanya recherche juu ya magonjwa ya champignon. Ndiyo, champignon! Buyoga! Alikata kanyama kadogo ku mukono yangu, akakaweka mu kasahani ka kioo na chakula yake, akakafungia. Nyuma ya muda akaniita niangalie: kulikuwa kitu nyeupe kama pamba, inaanza kugeuka nyeusi kama ukoko wa bugali. Nikamuuliza: "Docteur, na hii tunaweza kula na sombe ya muhogo?" Alicheka mpaka lunettes ya macho ikaanguka. Anasema haiko ile ya kula. Hii ni ndogo sana, jicho haiioni, inakaaka ku muti ya kuoza, ku miiba, ku majani kavu. Muti ikikuchoma kidole, inaingia nayo.

Basi aliniingiza mu étude yake. Bagonjwa bamoja banameza gélule, kidonge yenye unga ndani, bengine banakunywa matone, na banapiga kura nani atapata nini, ili aone dawa gani inaponyesha muzuri. Miye nilipata matone. Inaonja kama kunyonya musumari, na pua inatoka maji kama niko ku kilio. Na mpaka étude iishe, siruhusiwe kutoka Bunia, hata kwenda kumuona mama. Nimefungwa kamba kama mbuzi. Lakini mbuzi ya kunenepa, usiogope.

Docteur anatafuta ni muti gani ilinichoma, juu banakuya bengi na ugonjwa hii na hakuna anayejua inatoka wapi. Juma ijayo atafika kwangu. Nitamuonyesha kuni yako ya boisage, ile miti munasimamishaka mu shimo ili udongo isiwaangukie, na ikioza munaitoa, weye unanitumia nichomeshe samaki yangu ya soko. Nitajisifu: "Angalia, Docteur, mudogo wangu ananipenda!" Niambie tu jina ya carré yenu, ile kipande ya machimbo munachimba, nisiseme vibaya.

Yaya yako,
Adèle


Mongbwalu, tarehe 3 mars 2024

Yaya Adèle,

Nakusalimia. Niko muzima. Barua yako ilifika imelowa, Fiacre alikwama ku matope. Ya binti wa Annette nimesikia, ni muzuri.

Yaya, usimuambie docteur kitu ya kuni. Usimuonyeshe hata kijiti.

Tumeshaona mawe ya kwanza yenye kung'aa. Desturi ya shimo unaijua. Kuanzia siku ile hakuna mwenye kutoka, hakuna kutoa muti wala udongo inje ya camp, hakuna mugeni, mpaka dhahabu ya kwanza ioshwe. Anayetoka anabeba bahati ya wenzake. Anayeleta mugeni, banasema ameuza shimo. Docteur yako akifika, bakubwa ya service ya serikali watafika nyuma yake, na PDG Rodrigue atauliza ni dada ya nani alisema.

Unamukumbuka Ushindi, yule tulichimba naye. Alileta shemeji yake tu kuangalia. Bale bale walikula naye sahani moja ndiyo walimupiga, mpaka leo sikio yake moja haisikie. Kisha wakamufukuza, juu desturi inasema aliyeuza shimo hawezi tena kulala hata usiku moja ku udongo yake.

Sema unapikaka na makala ya jiko, siyo kuni. Kuni yenye kubaki, ichome yote.

Tena naomba shimizi, shati ya mikono mirefu. Chini kule kuko baridi.

Gaspard


Bunia, tarehe 30 mars 2024, Samedi Saint

Kwako Gaspard, mutoto wa mama,

Pasaka inakuya, na miye nakusalimia kwa kelele zote za kengele ya paroisse. Mama alivuna muhogo kidogo. Anasema utumie hata jino yako moja ajue uko muzima. Ni mama, uzee inamutania.

Nilifanya vile ulisema. Lakini ungeona!

Docteur alifika na bamufuko badogo ya plastique na kisu kama ya kukatia karatasi. "Mama Adèle, unachomeshaka samaki na nini?" Nikasema: "Makala, Docteur." Mudomo ilisema yenyewe. Basi mutu wa Mungu akaanza kukwangua. Akakwangua makala. Akakwangua jiko, ufagio, mufuko ya viazi, mukeka, miiba ya fensi. Akamukwangua hata nyau yangu, anasema ku inchi zingine nyau ndiye anapatiaka batu hii champignon, kwa makucha. Nyau akamukwangua pia, wakalipana.

Kisha akasimama, akanusa. "Mama, na hii harufu ya moshi ya muti?"

"Ni ya jirani, Docteur."

Fifi, mwenzangu wa kuuza samaki, alikuwa anasimama pale pale ku mulango, na kapu yake. "Jirani gani? Jirani ni miye, na leo sijawasha." Nikaanza kukohoa. Nilikohoa mpaka wakanipa maji. Gaspard, miye ambaye naambiaka batu mpaka rangi ya kamisole ya padiri, leo nakohoa ili nisiseme! Taya inaniuma kuliko mukono.

Kuni nilichoma yote siku moja. Moto ilikuwa mukubwa, batu ya quartier wakakuya kuuliza nani amekufa.

Dawa inafanya kazi. Shanga ya juu imekauka, ya kidole inafunga. Docteur anafurahi juu ya mukono yangu na anahuzunika juu ya nyumba yangu, maana mu bile bimufuko yote hakuota kitu.

Sasa neno ingine. Fifi naye ametoka kapele ku kidole gumba. Mbele ya barua yako kufika nilimupatia kuni yako fungu mbili, ya kupikia karamu ya komunyo ya mutoto yake. Alipasua na mikono yake mwenyewe. Nilimupeleka kwa Docteur, naye ameingia mu étude, upande ya gélule. Anauliza: "Adèle, siye babili tuligusa nini?" Nikamujibu samaki.

Shimizi hii hapa, nilichagua ku balle ya mitumba, ni ya bleu. Lakini nijibu. Baridi gani? Weye mwenyewe uliniambiaka chini kule ni moto, munavua hata singlet. Na maandiko yako! Frère ya shule alikupatia zawadi juu ya maandiko muzuri, na leo inatembea kama kuku imelewa. Unaandika na mukono gani, Gaspard?

Adèle, mwenye kukungojea


Mongbwalu, tarehe 22 avril 2024

Yaya,

Salamu ya Pasaka ilifika nyuma ya Pasaka. Asante kwa shimizi, inanifaa. Mvua ni mingi. Tulitoa maji mu shimo juma nzima. Nilisikia paa ya mama inavuja upande ya jikoni, mutafute mutu aangalie.

Nilichomwa kidogo na muti. Ni kitu ya kazi, kila mutu hapa iko nayo. Tunapasua gélule ya deux couleurs, ile ya rangi mbili banauza njiani, tunamwanga poudre juu ya kidonda. Siku hizi sishuke, niko juu ku kamba, navuta udongo. Kuvuta ni kazi pia.

PDG anasema ni mwezi hii. Dhahabu ikioshwa, siku ileile nitapanda camion. Usiseme kitu, yaya. Nakuomba kwa maziwa tulinyonya.

Gaspard


Bunia, tarehe 26 mai 2024, siku ya mama Annette kubatiza mujukuu, mutoto wa kijana yake

Kwako Gaspard,

Salamu ya jasho. Nimetoka ku ngoma ya Annette, nilicheza na mukono moja, hii ingine docteur ameifunga bandage mupya. Bière ilikuwa mingi, kuku ilikuwa kidogo. Mama iko. Alianguka ku njia ya chemchem, haikuvunjika kitu, lakini anatutaja majina yetu kama mwenye kuita batoto waingie mu nyumba. Miye siwezi kwenda, étude imenishika. Weye huwezi kwenda, shimo imekushika. Mama amebakia na majina yetu tu.

Nilikwambia nilicheza. Sikukuambia nilicheza peke yangu.

Fifi ameacha gélule. Anasema: dawa gani inaponyesha ugonjwa ambao hata docteur hajui inatoka wapi? Ameenda mu chambre de prière, nyumba ya maombi, na mutumishi wa Mungu amemuona mulozi mu maono: ni mwanamuke mukubwa, jirani, mwenye kucheka sana, ndiye aliangalia mukono yake na jicho mubaya. Mwanamuke mukubwa, jirani, mwenye kucheka sana! Gaspard, ku Bigo nzima ni nani? Sasa nikifika soko, bamama wanapunguza sauti. Miye! Miye ambaye sauti zote zilianziaka kwangu! Nauza samaki, wanageuza samaki na kijiti ili wasiguse pale nimegusa.

Na miye niko na jibu mu kinywa, kubwa kama bugali ya mutu mugonjwa, haimezeke wala haitemeke. Neno moja tu: kuni. Fifi angerudi ku dawa. Docteur angeacha kukwangua nyau za batu. Pele ya kidole gumba yake sasa imefika ku mukono nzima, Gaspard. Nilimuona ku bomba ya maji, alificha ndani ya kitenge.

Docteur naye amekonda zaidi, sijui amekondea wapi. Amepokea batu babili kutoka barabara ya Mongbwalu, hawataki kusema wanafanya kazi wapi. Moja kiwiko yake haikunjike. Docteur alinielezea: champignon ikikaa muda murefu inashuka mu kiungo ya mufupa, na pale hata dawa ikiishinda, mukono inabakia muti. Muti, Gaspard, kama zile zenu. Kisha akaniangalia, akauliza pole pole:

"Mama Adèle, uko na ndugu ku machimbo?"

Nilisema: "Docteur, siye tulizaliwa banamuke tupu."

Nilitoka, nikakaa ku ngazi ya hôpital. Nimekufuta, mudogo wangu. Kwa mudomo yangu mwenyewe nimekufuta mu tumbo ya mama.

Fiacre ameniambia anakuona unakula na mukono ya kushoto. Nimemuomba akulete. Panda, usiulize mutu. Bahati ya wenzako itabakia, haiko mu mifuko yako.

Adèle


Mongbwalu, tarehe 9 juin 2024

Mama Adèle,

Nakuandikia miye Abigaël, napikia batu ya shimo. Ni Gaspard anasema, miye naandika.

Anawasalimia weye na mama. Anasema iko muzima. Kiwiko haikunjike, lakini haiume sana, inauma asubuhi tu. Fiacre alifika kumuchukua. PDG alisema hakuna mwenye kutoka mbele ya dhahabu, na wenzake walikaa ku mulango ya camp na makoleo mpaka camion ikaondoka. Anasema usikasirike, hawakumupiga, wanaogopa tu. Wao pia wameacha bibi zao na batoto.

Anasema dhahabu inabakia metre mbili. (Mama, ku Pasaka walisema vilevile metre mbili. Hii ni miye naongeza.)

Anasema usikuye. Anasema niandike vizuri: siko mufungwa.


Bunia, tarehe 16 juin 2024

Gaspard, toka.

Abigaël, binti yangu, kama ni weye unamusomea, umusomee ile neno moja kwanza. Akusanye bitu yake. Yenye kubaki utamusomea mu sikio akifunga viatu, na kwa sauti ya chini.

Fiacre anakungoja ku paroisse ya Mongbwalu, siyo ku camp. Camion inaangalia upande ya Bunia. Amesema atangoja mpaka misa ya pili iishe, na miye nilimuambia atangoja mpaka Yesu arudi.

Sasa nikuelezee, juu utasikia kwa bengine na watapunguza chumvi.

Jana nilienda soko. Nilisimama katikati ya bamama ya samaki, mbele ya meza ya Fifi. Pale nyuma bamotard, batu ya pikipiki ya Mongbwalu, walikuwa wanakunywa chai yao. Nilichagua pale, siyo bahati. Nikaita kama mwenye kuuza:

"Bamama! Munasema miye nilimuloga Fifi. Basi musikie kilichomuloga. Ni kuni. Kuni ya kuoza ya boisage, inatoka ku shimo ya PDG Rodrigue ku Mongbwalu, alinitumia mudogo wangu wa damu, jina yake Gaspard. Iko na champignon. Ilinichoma miye, ikamuchoma Fifi, na kule inachoma bote!"

Mama Suzanne akauliza: "Adèle, unasema kweli, ao unasema kama siku zote?"

"Leo nasema kweli."

Fifi alisimama. "Tangu Pasaka ulikuwa na hii mu mudomo? Ulikuwa unaangalia mukono yangu inaoza, unaniambia samaki?" Akakamata ndoo ya maji ya kuoshea samaki, akanimwangia yote. Sikukimbia. Kisha akafunga kitenge yake, akaenda ku hôpital saa ileile, hakuaga mutu. Basi hiyo moja imetengenezeka, hata kama hatanisalimia tena.

Docteur alisikia, akakuya soko mbio na blouse yake nyeupe, batu wakafikiri kuko mwenye kuzaa. "Mama Adèle, kwa nini hukuniambia miye, kule ku bureau, kimya kimya?"

Nikamujibu: "Docteur, weye nikikuambia, unaweka mu dossier, inalala. Miye nilitaka ifike."

Na imefika, najua. Bamotard waliacha chai ikiwa moto. Maneno yangu imetangulia hii barua. Sasa hivi pale ku shimo wanajua ni dada ya nani alisema. Nilijua watajua. Nilisema jina yako na ya PDG ili wasikosee.

Usiseme yaya amekuuza bila kufikiri. Nilifikiri mpaka kichwa ikatoka moshi. Kukuomba, ulikataa. Kukuchukua, walikataa. Ikabakia mulango moja: wakufukuze. Hawawezi tena kukuacha ulale pale, desturi yao wenyewe inakataa, juu sasa uko mwenye kuuza shimo. Labda watakupiga kwanza. Hii sikuweza kuizuia. Nikaona fimbo inapona, lakini kiwiko ikigeuka mufupa moja haiponi. Kama nilikosea hesabu, miye ndiye nitaenda kusimama mbele ya mama, siyo weye.

Docteur amekuandalia gélule. Anasema ni miezi mingi, na hutatoka Bunia mpaka iishe. Utafungwa kamba karibu na miye, tutagombana kila asubuhi. Wenzako pia wakuye, hakuna atakayewauliza habari ya dhahabu, nilimuapisha Docteur juu ya bic yake.

Salamu nilisahau kuweka mbele. Mama iko, anatembea na fimbo. Nyau amezaa banane, moja nimemupatia jina ya PDG.

Wakikupiga, sema ni miye. Sema uko na dada mwenye kinywa mubaya, weye hukumutuma. Soko ya Bunia nzima itakuwa shahidi.

Adèle